MTI UCHANUAPO NJE YA WAKATI WAKE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyekijaalia kila kitu kipimo chake na kila mti majira yake.

Msafiri wa kwetu anayefika Ulaya katika mwezi wa Oktoba huwakuta watu wa huko wanajitayarisha kwa baridi. Siku zimekuwa fupi, matunda yamekwisha kuchumwa, na majani ya miti yamegeuka rangi, mengine manjano, mengine mekundu, yanapukutika moja moja. Majira hayo vitabu huyaita vuli, lakini si vuli yetu sisi ya mvua ndogo. Kwao ni majira ya kupukutika majani, mlango wa baridi kali. Mti wa tufaha, lile tunda ambalo mjini kwetu huitwa epo, na miti ya pea, plamu na cheri, yote huvua nguo zake ikalala mpaka mwezi wa Machi au Aprili, ndipo ichanue.

Walakini hutokea mara kwa mara kwamba mti usio na majani huonekana umebeba maua meupe katikati ya mwezi wa Oktoba, kama bibi arusi aliyekosea siku ya arusi yake. Watoto hufurahi wakaanza kuyachuma. Wazee husimama wakatikisa vichwa. Na Waislamu wa Afrika ya Mashariki wanaokaa katika nchi hizo, ambao leo ni wengi, huulizana: hii ni heri au ni shari?

Swali hilo linastahili jibu, nasi katika kurasa hizi tunataka kulitazama kwa njia ya dini, kwa njia ya elimu, kisha kwa njia ya malezi ya nyumba zetu.

NDEGE MBAYA

Katika vijiji vya Uingereza ilikuwako itikadi ya zamani kwamba mti wa tufaha ukichanua hali matunda mabivu yangali juu yake, basi mtu mmoja wa nyumba ile atakufa. Mama aliyeyaona maua hayo dirishani alikuwa akimtazama mwanawe mgonjwa kwa hofu, na ua lenyewe halikuwa na habari naye.

Tusiwacheke. Ni wangapi kwetu ambao bundi akilia juu ya paa hawapati usingizi, au wakikutana na jambo wasilolipenda asubuhi huahirisha safari? Sisi wenyewe huliita jambo la namna hiyo "ndege mbaya", na maneno hayo ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Waarabu wa zama za Ujahili, mtu akitaka kusafiri alikuwa akimshtua ndege. Akiruka upande wa kulia husafiri, akiruka upande wa kushoto hurudi nyumbani. Kwa hiyo itikadi ya mikosi ikaitwa tiyara, neno linalotokana na jina la ndege. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliikataza tiyara, akaihesabu kuwa ni namna ya shirki, kwa sababu anayeishika humpa kiumbe uwezo ambao si wake.

Na upo mfano ulio wazi zaidi. Katika mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wa Mtume. Lau angekuwa mtu anayetafuta utukufu wa dunia, angeliyaacha maneno hayo yaenee. Lakini yeye, hali moyo wake umejaa huzuni ya mwana, alisimama akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake.

Basi maua ya Oktoba nayo hayachanui kwa ajili ya kufa kwa mtu. Yana sababu aliyoiweka Muumba, na sababu hiyo yaweza kutafutwa. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 99, tumeamrishwa tuyatazame matunda yanapozaa na yanapoiva. Kutazama kunakotajwa pale si kwa jicho tupu. Ni kwa fikira. Hivyo ndivyo walivyofahamu wanavyuoni wetu wa zamani. Ibn al-Awwam wa Seville, aliyeishi katika karne ya 12, aliandika kitabu kikubwa cha ukulima, Kitab al-Filaha, akaeleza humo habari za miti ya matunda zaidi ya 50.

MTI HUUJUAJE WAKATI WAKE?

Watu wengi hudhani kwamba ua la mwezi wa Aprili huumbwa mwezi wa Aprili. Sivyo. Mtufaha huanza kuumba vitumba vya maua ya mwaka ujao katika siku za joto za mwaka uliotangulia, wakati matunda ya mwaka huu yangali yananing'inia matawini. Mwezi wa Septemba ukifika, kila kitumba kimekwisha kuwa na ua dogo ndani yake, limekunjwa na kufunikwa kwa magamba. Mti umeweka akiba yake.

Sasa kwa nini ua hilo lisifunguke mara moja, hali jua lingaliko na ardhi ingali na joto? Ni kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameliwekea walinzi wawili.

Mlinzi wa kwanza ni jani. Jani hukilisha kitumba, na wakati huo huo hukizuia. Ndani ya mti mna vitu vya asili vinavyotoa amri za kukua na kutulia, na kimojawapo wataalamu hukiita asidi ya absisiki. Maadamu majani yako mahali pake, amri inayofika kwenye vitumba ni moja: tulieni.

Mlinzi wa pili ni baridi. Majira yakizidi kusonga mbele na siku zikizidi kuwa fupi, kitumba chenyewe huingia katika usingizi mzito, hata majani yakianguka yote hakiamki. Usingizi huo hauondolewi na joto. Huondolewa na baridi ndefu. Mti huwa kama unazihesabu saa za baridi, na mitufaha mingi huhitaji kiasi cha saa 1,000 za baridi iliyo chini ya digrii 7 za sentigredi lakini isiyo ya kugandisha. Ukiziunganisha saa hizo, ni kama siku 42, usiku na mchana. Hesabu ikitimia, ndipo kitumba hulisubiri joto la machipuko.

Hebu tuifikiri hekima hiyo. Lau mti ungengojea joto peke yake, siku tatu za jua katika mwezi wa Desemba zingeudanganya, ukachanua, na barafu ya Januari ingeyaua maua yote. Nchi nzima ingekosa matunda. Kwa hiyo mti haukubali joto mpaka kwanza umeipitia baridi. Aya za Sura ya Al-Hijr zinazosema kwamba kila kilichooteshwa katika ardhi kina mizani yake, na kwamba hakiteremshwi kitu ila kwa kipimo maalumu, tunaziona hapa zimeandikwa juu ya tawi.

MLINZI AKIANGUKA MAPEMA

Sasa tufikirie mwaka ambao mvua imekatika katika miezi ya joto. Mti una kiu. Ili usife, huyaangusha majani yake kabla ya wakati, maana maji mengi hutokea kwenye majani. Au labda majani yameliwa na wadudu, au yameingiwa na ukungu wa madoa yakakauka. Kwa vyovyote, mlinzi wa kwanza ameanguka, na wa pili bado hajafika, kwa kuwa usingizi mzito haujaingia. Kisha mvua ikarudi katika mwezi wa Septemba, na siku chache za joto zikafuata. Kitumba hakina wa kukizuia. Kinafunguka.

Jambo hili lilionekana wazi katika nchi ya Japani mwaka 2018. Tarehe 4 Septemba mwaka huo tufani kubwa iliyoitwa Jebi ilipiga nchi hiyo, na tarehe 30 ya mwezi huo huo ikafuata nyingine iliyoitwa Trami. Pepo zile ziliyang'oa majani ya micheri, na mengine yakaunguzwa na chumvi iliyochukuliwa na upepo kutoka baharini. Ilipofika Oktoba, micheri katika sehemu nyingi za Japani ikaonekana imechanua, miezi mitano au sita kabla ya wakati wake. Watu walitoka kwenda kutazama, wakapiga picha. Lakini wenye kuijua miti walifahamu kwamba ile haikuwa furaha ya mti. Ilikuwa jeraha lake.

Hata hivyo, si kila ua la majira hayo ni jeraha. Uko mti unaoitwa kwa Kituruki yenidünya, unaopandwa sana katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Huo huchanua majani ya miti mingine yanapopukutika, na matunda yake ya manjano huiva katika machipuko, kabla ya matunda mengine mengi. Hiyo ndiyo tabia yake aliyoumbiwa. Basi mwenye hekima hahukumu kabla ya kuujua mti.

MAUA HAYO MWISHO WAKE NINI?

Maua ya Oktoba ni mazuri kama ya Aprili, lakini hayana mwisho mwema. Nyuki wamepungua. Hata likishika tunda, tufaha huhitaji miezi mitatu mpaka sita kuiva, na baridi haitangoja. Usiku mmoja wa barafu hulimaliza. Tena kitumba kilichofunguka hakifungwi tena; ua lililotoka Oktoba halitatoka tena Aprili. Mti umetumia akiba ambayo haukuitia faida.

Lakini wenye miti wasikate tamaa, wala wasiuangushe mti kwa shoka. Mara nyingi ni sehemu tu ya vitumba iliyofunguka; vilivyobaki vimelala salama, na mwaka ujao mti utazaa, pengine kwa upungufu kidogo. Linalotakiwa ni kuuhudumia: umwagiliwe maji wakati wa ukame, majani yenye ugonjwa yaokotwe chini yake, usitiwe mbolea ya kuukuza upesi wakati huo, na usikatwe matawi kwa pupa. Uachwe ulale.

WAKULIMA WA BATU

Wasomaji watastaajabu tukiwaambia kwamba jambo lililo msiba Ulaya ni kazi ya kila mwaka mahali pengine. Katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia, karibu na mji wa Malang, uko mji wa milimani unaoitwa Batu. Wakulima wake, ambao wengi ni ndugu zetu Waislamu, hulima matufaha katika nchi isiyokuwa na baridi kali hata kidogo. Huwezaje? Baada ya kuchuma matunda, huyang'oa majani yote ya mti kwa mikono. Mlinzi akiondoka, vitumba hufunguka kabla havijaingia katika usingizi mzito, na kwa njia hiyo hupata mavuno mawili kwa mwaka.

Kwa nini kitendo kile kile kiwe hasara huku na faida kule? Kwa sababu mkulima wa Batu anajua alitendalo, na barafu haitakuja kuliua ua lake. Anayang'oa majani kwa wakati anaoujua, na baada yake huutazama mti kwa mbolea na maji. Hapa tunakumbuka habari ya watu wa Madina waliokuwa wakiipandikiza mitende, Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Elimu ya shamba ina heshima yake katika Uislamu. Na wenzetu wa Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako plamu, pea, pichi na matufaha hulimwa, wana mengi ya kupeleleza katika habari hii.

USIUZE MAUA

Hapa panaingia jambo la sheria linalotuhusu sana sisi wa pwani na bara. Wako wakulima wanaofikiwa na mchuuzi wakati mwembe umejaa maua. Nyumbani pana shida, ada ya shule inadaiwa. Mchuuzi anatoa fedha mkononi, na maembe yote ya msimu ujao yanauzwa yangali maua. Mvua ikinyesha vibaya, maua yote yakaanguka, mchuuzi amepoteza mali. Yakizaa mno, mkulima anakaa kivulini mwa mti wake akiyahesabu matunda ambayo si yake.

Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri uzima wake, na kuhusu tende alieleza kuwa ni mpaka ziwe nyekundu au manjano. Akauliza: iwapo Mwenyezi Mungu ameyazuia matunda, kwa haki gani mmoja wenu atakula mali ya ndugu yake? Maua ya Oktoba yanatufasiria hadithi hiyo vizuri kuliko maelezo marefu. Mti umejaa maua na hautatoa hata tunda moja! Ua si tunda. Anayeuza ua ameuza asichokuwa nacho, na anayelinunua kwa kumbana mwenye shida naye ajitazame mbele ya Mola wake. Mwenye shida akopeshwe kwa wema. Hiyo ndiyo njia ya ndugu.

MAJANI YA NYUMBA ZETU

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuiandike habari hii. Tumeona kwamba jani hulisha na kuzuia. Je, si hiyo ndiyo kazi ya baba na mama? Mkono ule ule unaompa mtoto chakula ndio unaomkataza kutoka usiku. Kijana hulipenda jani linapomlisha, akalichukia linapomzuia, asijue kwamba ni jani moja.

Yako majumba ambamo majani yameanguka mapema. Baba yuko, lakini hana habari na mwanawe. Mama yuko, lakini kila mmoja macho yake yamo katika simu yake. Au baba na mama wanagombana kila usiku hata nyumba ikawa kama shamba lililopigwa na tufani. Mtoto wa nyumba hiyo huchanua upesi. Mvulana wa miaka 13 anasema maneno ya watu wazima, anatafuta fedha zake mwenyewe, haombi ruhusa kwa mtu. Msichana wa umri huo anatazamwa na watu kama mwanamke, na wako wanaofanya haraka kumwoza ili mzigo uwaondokee. Jirani husifu: "Mtoto huyu kakomaa!" Naam, anachanua, lakini ni Oktoba. Anatumia leo akiba aliyowekewa kwa ajili ya miaka yake ya ishirini na thelathini, na baridi ya dunia haijampitia bado. Wazee wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hufunza kwa barafu.

Kijana msomaji wetu, nawe usidhani kwamba miaka hii unayozuiliwa ni miaka iliyopotea. Ndani ya kitumba ua limekwisha kuumbwa; elimu yako, haya yako, nguvu zako, zote zimo. Unachongojea ni hesabu ya baridi itimie. Subira siyo kulala bure.

Tena yako majani yaliyoangushwa na mauti, si na uzembe. Yatima hakuitaka tufani. Mtoto kama huyo, akionekana amekomaa kabla ya siku zake, asisifiwe tu na kuachwa. Ami, mjomba, shangazi na jirani wawe majani yake. Mtume wetu (s.a.w.), naye alikuwa yatima, aliunganisha vidole viwili kuonyesha jinsi mlezi wa yatima atakavyokuwa karibu naye Peponi. Na mtoto aliyekwisha kuchanua mapema, naye asitupwe. Mti haukatwi kwa maua machache. Ndani yake vimo vitumba vingi vilivyolala, na mlango wa toba na wa elimu uko wazi.

MIKONO YETU WENYEWE

Hatuwezi kumaliza bila kulitaja jambo moja zito. Miaka ya ukame na ya joto lisilo la wakati inazidi duniani. Katika muda wa mwaka 2011 mpaka 2020 joto la uso wa dunia lilikuwa limepanda kiasi cha digrii 1.1 kuliko lilivyokuwa katika miaka ya 1850 mpaka 1900, na sababu yake kubwa ni moshi wa makaa na mafuta tunayoyachoma. Huko Kyoto, Japani, ambako habari za kuchanua kwa micheri zimeandikwa tangu karne ya 9, mwaka 2021 maua yalifikia ukamilifu wake tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umejulikana mpaka wakati huo katika zaidi ya miaka 1,200. Sura ya Ar-Rum, aya ya 41, inatufahamisha kwamba uharibifu hudhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Basi mtu asitafute mkosi katika ua. Atazame mikono yake.

NA MWENYEZI MUNGU NI MUWEZA

Pamoja na hayo yote, Muislamu hasahau kwamba aliyeweka majira si mtumwa wa majira. Sura ya Aal Imran inatusimulia kwamba Nabii Zakariya (a.s.) kila alipoingia kwa Bibi Maryam katika mihrabu alikuta riziki kwake. Wafasiri wengi wamesema kwamba yalikuwa matunda ya wakati wa joto katika baridi, na matunda ya baridi katika wakati wa joto. Zakariya alipoyaona hakuogopa, wala hakusema ni mkosi. Yeye mwenyewe alikuwa mzee, na mkewe tasa. Aliona kwamba Mola awezaye kuleta tunda nje ya wakati wake aweza kumpa mtoto nje ya wakati wake, akainua mikono pale pale akaomba, akapewa Yahya.

Basi mzee aliyeanza kujifunza kusoma Qurani akiwa na miaka 60, na mjane aliyeolewa wakati watu wamekwisha kumkatia tamaa, na mwanamke aliyengoja mtoto kwa miaka mingi, wote wasivunjike moyo kwa kuambiwa kwamba wakati wao umepita. Sisi tumeamrishwa kushika sababu na kuchunga majira. Yeye hufanya atakalo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe majani mema juu ya watoto wetu, asituangushe kabla ya wakati, na ayahifadhi maua yao mpaka yazae. Amin.